"Alien": Neno Linalomvua Mtu Utu

Neno la Kiingereza "alien" lina asili ya Kilatini, nalo lilimaanisha kilicho cha mwingine. Leo humtaja kiumbe wa ajabu wa kwenye filamu atokaye sayari nyingine; humtaja pia, katika sheria za Marekani, binadamu asiye raia. Wapo wasemao kuwa hiyo ni istilahi tu. Sikubaliani nao. Mwaka 2021 serikali ya Joe Biden iliwaagiza maofisa wa uhamiaji waliache neno hilo. Donald Trump akalirejesha. Machi 2025 akaifufua sheria ya mwaka 1798 yenye neno hilo katika jina lake, iliyotungwa dhidi ya maadui wa wakati wa vita, na Wavenezuela wakapelekwa gerezani El Salvador bila kesi zao kusikilizwa. Istilahi ilitangulia, pingu zikafuata.

Kiswahili humwita mtu huyo mgeni, jina lile lile la tunayemkaribisha mezani. Lakini tusijipongeze. Mtumishi wa umma anayemfokea mkimbizi dirishani amekwisha kumfanya kiumbe wa sayari nyingine, hata akimwita mgeni. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kabla ya kugonga muhuri, mtazame usoni.