Nyota Zisivikwe Rangi Zisizo Zake

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya kuzaliwa kwa nyota. Ukutani palikuwa pamebandikwa picha maarufu ya nguzo za gesi na vumbi zilizomo katika Nebula ya Tai, M16, iliyopigwa mwaka 1995 kwa Darubini ya Hubble na wanasayansi Jeff Hester na Paul Scowen. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, nyota hizi za rangi ya waridi zina joto kiasi gani?" Swali lilikuwa zuri, maana alikwisha kufundishwa kwamba rangi ya nyota ni dalili ya joto lake. Jibu lake lilikuwa chungu: nyota za waridi hazipo.

Ndugu msomaji, hebu tuone rangi hiyo ilitoka wapi. Gesi ya nebula hutoa nuru katika mistari michache tu ya spektra. Hidrojeni hung'aa kwenye nanometa 656.3, salfa iliyopoteza elektroni moja, karibu na nanometa 672, na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, kwenye nanometa 500.7. Mpiga picha hutumia vichujio vinavyopitisha nanometa chache tu, kimoja kwa kila gesi, akapata picha tatu zisizo na rangi. Kisha, kwa kufuata mpango uliozoeleka wa Hubble, picha ya salfa hupewa nyekundu, ya hidrojeni kijani, na ya oksijeni buluu.

Kwa nebula, utaratibu huu una faida kubwa. Kwa macho yetu nuru ya hidrojeni na ya salfa zote mbili ni nyekundu. Kama zisingetenganishwa kwa rangi za kupangwa, tusingejua ipi iko wapi. Ni sawa na ramani inayoonyesha nyanda kwa kijani na milima kwa kahawia. Hakuna anayedai kwamba mlima wenyewe ni wa kahawia.

Lakini nyota si nebula. Nuru yake imeenea katika spektra nzima, hivyo hupenya vichujio vyote vitatu. Na kwa kuwa aghalabu hidrojeni ya nebula hung'aa kuliko gesi zile nyingine, mtengenezaji wa picha huzikuza salfa na oksijeni ili zionekane. Akifanya hivyo, huzikuza pia nyota zilizomo katika picha hizo mbili. Nyekundu na buluu zikizidi kijani, nyota zote, za joto kali na za joto hafifu, hugeuka waridi iliyokoza. Rangi hiyo haitufahamishi gesi gani ipo, wala joto la nyota. Ni makovu ya kazi ya kompyuta.

Wako wasemao kwamba, maadamu rangi za nebula zenyewe ni za kupangwa, hakuna haja ya kuhangaikia nyota. Siafikiani nao. Rangi iliyopangwa kwa kanuni ni lugha. Rangi iliyozuka bila kukusudiwa ni kelele. Mwanafunzi asiyeambiwa tofauti hiyo ataisoma kelele kana kwamba ni lugha, kama alivyofanya yule kijana.

Dawa ipo, na leo wapiga picha wengi wa anga huitumia. Hupiga picha nyingine za muda mfupi kwa vichujio vipana vya kawaida vya nyekundu, kijani na buluu. Huziondoa nyota katika picha ya nebula kwa programu ya kompyuta. Kisha hurudisha mahali pake nyota zenye rangi zake za asili. Hata hivyo, picha ya namna hiyo ni picha mbili katika fremu moja: nebula imepakwa kwa kanuni, nyota zimeonyeshwa karibu na zilivyo. Kwa maoni yangu, hapana budi maelezo ya chini ya picha yaseme hivyo waziwazi. Picha ya sayansi isiyoeleza rangi zake ni kama jedwali lisilotaja vipimo.

Nawasihi walimu wasiibandue picha ukutani. Waandike chini yake rangi ipi inasimama badala ya gesi ipi. Kisha, jioni moja kati ya Januari na Machi, wawatoe wanafunzi nje walitazame kundi la Orioni. Wataiona Betelgeuse, nyekundu ya chungwa, ambayo joto la uso wake ni karibu kelvini 3,500. Na Rigel, nyeupe ya buluu, yenye kelvini zipatazo 12,000. Jua letu, lenye kelvini 5,800 hivi, liko katikati yake. Hapo hapahitajiki darubini wala kompyuta. Mwanafunzi aliyekwisha kuziona nyota hizo mbili kwa macho yake mwenyewe, akikutana tena na nyota ya waridi, hatauliza joto lake. Atauliza nani aliipaka.