Harage Lililopandwa Puani

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumza juu ya homa za watoto wakati wa masika. Naomba unisamehe, habari hiyo itangoja. Nyumbani kwangu hapa Moshi limetokea jambo ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimekuficha, nami nimezoea kukueleza mambo kama yalivyo.

Lilianza Jumanne, tena kwa furaha. Mtoto wetu wa pili, yule wa darasa la tatu, alirudi kutoka shuleni na kazi ya Sayansi: kuotesha harage. Kama umewahi kuwa na mtoto wa umri huo unajua jinsi kazi ya namna hiyo inavyoiteka nyumba nzima. Alitafuta kopo tupu la maziwa, akaniomba pamba, akailowesha, akalaza maharage matatu juu yake, kisha akaliweka kopo kwenye dirisha la jikoni, upande ule tunaouona Mlima Kilimanjaro asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Akatutangazia yote aliyofundishwa. Mbegu ili iote yahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Udongo si lazima hapo mwanzo, maana chakula cha siku za kwanza kimo ndani ya mbegu yenyewe. Alitutangazia wakati wa chakula cha jioni, akatutangazia tena wakati wa kulala, hata baba yake akamwambia, "Mwalimu, tumeelewa. Zima taa."

Aliyesikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitatu na nusu. Jumatano asubuhi nilimkuta amepanda juu ya kigoda, ametoa harage moja kwenye pamba na kulitazama juani. Nikalirudisha. Mchana nikamkuta tena. Mara hii nilimkemea kwa sauti ambayo nadhani majirani waliisikia: "Nikikuona tena karibu na kopo hilo utanitambua!" Akashuka taratibu, akaenda kukaa nyuma ya mlango.

Usiku wa Jumatano na wa Alhamisi nilikuwa zamu. Wewe uliyewahi kufanya kazi ya usiku, ya wodini au ya lindo au ya kukanda maandazi, unajua mtu anavyorudi nyumbani asubuhi: miguu imevimba, macho yana mchanga, na moyo hauna nafasi hata ya neno moja. Ijumaa asubuhi nilipofika, kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi, alinifuata hadi chumbani akitaka kuniambia kitu juu ya mdogo wake. Sikumwacha amalize. Nilimwambia sitaki kusikia mtu yeyote akimshtaki mwenzake ndani ya nyumba hii mpaka nimelala. Akafunga mlango, akaenda shule.

Jumamosi niliona kitinda mimba ana mafua. Nikampangusa, nikaendelea kufua. Jumapili kanisani alikaa mapajani mwangu, nami nikasikia harufu. Nikadhani ni soksi zake. Mama mwenzangu, nicheke au nilie? Mimi ndiye ninayewafundisha akina mama wa usharika wetu mambo ya afya. Mara ngapi nimesimama mbele yao na kusema hivi: mafua ya kawaida hutoka puani pande zote mbili, mtoto mdogo akitokwa na ute tundu moja tu la pua, tena ute mzito wenye harufu mbaya, pengine na damu kidogo, basi dhani kwanza kwamba kuna kitu kimeingizwa humo, hadi uthibitishe kwamba hakipo. Nimelisema hilo nikiwa na chaki mkononi. Na mtoto wangu mwenyewe alikuwa akitokwa na ute upande wa kulia tu, nami nikimpangusa.

Mchana ule nilikaa uani na ungo nikichambua maharage ya makande. Alikuja akachuchumaa karibu nami, akaokota moja, akaligeuzageuza.

"Mama, hili dogo. Langu kubwa."

"Lako liko wapi, baba?"

Akaziba pua kwa viganja vyote viwili. "Usinigombeze."

Nikauweka ungo chini. Kwa upole, kadiri nilivyoweza, nikamwuliza alifanyaje. Akanieleza vizuri kabisa. Kaka alisema harage linataka maji, na pua ina maji. Linataka joto, na pua ina joto. Linataka hewa. Hapo akavuta pumzi kunionyesha. Kwa kuwa alikatazwa kopo, alikuwa amejitafutia kopo lake mwenyewe.

Baba watoto aliposikia alitoka ndani akiwa ameshika kibanio cha nyusi. Nikamwomba akirudishe. Vitu vya namna hiyo, kibanio, njiti yenye pamba, pini ya nywele, mara nyingi husukuma kitu ndani zaidi, kwa sababu harage ni la mviringo na lina utelezi. Likisukumwa mno laweza kuangukia kooni na kuingia njia ya hewa, na hapo jambo dogo limekuwa jambo la uhai. Bibi wa jirani, ambaye namheshimu sana, alichungulia juu ya ua akashauri tumpe ugoro apige chafya. Nikamshukuru. Lakini mtu kabla ya kupiga chafya huvuta pumzi kwa nguvu, na mtoto wa miaka mitatu hajui kuivuta kwa mdomo tu. Wala usimwagie maji puani. Harage hunywa maji na kuvimba. Ndiyo maana tunaliloweka kabla ya kulipika.

Nilimmulika kwa tochi. Nililiona, jekundu, limejaa tundu zima. Nakiri mikono ilinitetemeka. Nimewahi kushika watoto wa watu wakiwa katika hali mbaya kuliko hiyo mara kumi, na mikono haikutetemeka.

Kuna njia moja ambayo mama aweza kuijaribu nyumbani, inaitwa busu la mama. Daktari mmoja wa Marekani aliieleza mwaka 1965, na mwaka 2012 watafiti walikusanya habari za watoto 154 waliofanyiwa hivyo, wakakuta imefaulu kwa karibu watoto 6 katika kila 10. Mtoto humwambia tu kwamba utampa busu kubwa, ili asiogope. Unaziba kwa kidole tundu lile la pua lisilo na kitu. Unaweka mdomo wako juu ya mdomo wake ulio wazi, uufunike pande zote pasiwe na mwanya. Unapuliza polepole mpaka usikie kama pumzi inagonga mlango, yaani koo lake limejifunga. Hapo unapuliza mara moja, kifupi na kwa nguvu kiasi. Pumzi hupitia nyuma ya pua na kukisukuma kile kitu nje.

Mara ya kwanza harage lilisogea, nikaliona karibu zaidi. Mara ya pili ukaja ute wote wa siku nne, ukatua shavuni mwangu. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko, mgonjwa mwenyewe akiwa wa kwanza. Baba yao aligeukia ukutani, mabega yakimcheza. Harage lilikuwa palepale. Lilikuwa limekwisha kuvimba, na kitu kilichokwama kikivimba hakitoki kwa busu. Sikuendelea. Ukijaribu mara mbili tatu na kisitoke, mpeleke hospitali. Kama ni betri ile ndogo ya mviringo ya saa au ya vitu vya kuchezea, usijaribu hata mara moja, kimbia hapo hapo usiku au mchana, kwa maana betri ikilowa huunguza nyama za pua ndani ya saa chache tu na yaweza kutoboa ukuta wa katikati. Sumaku mbili, kila moja tundu lake, nazo ni za kukimbilia.

Basi tukapanda daladala sote watano, kwa sababu hakuna aliyekubali kubaki. Kitinda mimba alipewa kiti cha dirishani, akaieleza habari yake kwa kila abiria aliyepanda. "Nina shamba humu," anasema, akionyesha pua. Konda alimwuliza kama ni maharage au kunde. Mzee mmoja akataka kujua atavuna lini. Nilitamani kujifunika kanga usoni, na wakati huohuo nilikuwa nikicheka hadi machozi yananitoka. Tangu masika yaanze hatukuwa tumesafiri pamoja sisi watano, hata kwa daladala.

Hospitalini muuguzi wa zamu alikuwa binti niliyemwelekeza kazi alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi. Akasoma cheti, akanitazama, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama. Ute ni wa upande mmoja?" Nikamjibu kwamba ndiyo, wa upande mmoja, tangu juzi. Hakusema neno zaidi. Angesema ningeona nafuu.

Mtoto alizungushiwa shuka mikono ikiwa ndani, akakalishwa mapajani mwa baba yake, kichwa kimeshikwa vizuri. Daktari aliyevaa taa kipajini akapitisha chuma chembamba chenye ncha iliyopinda kidogo juu ya harage hadi nyuma yake, kisha akalivuta. Haikuchukua hata dakika moja. Damu kidogo, kilio kikubwa, basi. Akamulika tena, na tundu la pili, na masikio yote mawili, maana mtoto aliyepanda mbegu moja huenda ana mashamba mengine. Hakukuwa na kitu.

Harage lililotoka lilikuwa limekua karibu mara mbili ya ukubwa wake. Ganda lilikuwa limepasuka, na pembeni kichipukizi cheupe, kama ncha ya sindano. Kilio kilikatika katikati.

"Limeota!"

Kaka yake alilisogelea, akalikagua kama mwalimu, akakubali kwamba limeota. Wala si ajabu ya kwanza. Mwaka 2010 mzee mmoja wa Massachusetts, Marekani, aliyekuwa akikohoa na kudhani ana saratani, alikutwa na njegere iliyochipua ndani ya pafu lake. Iliingia njia mbaya alipokuwa akila.

Usiku ule, wadogo walipolala, nilikwenda kuketi kitandani kwa binti yangu. Nilimwuliza kama alijua. Akanyamaza, kisha akasema alijua tangu Alhamisi. Mdogo wake alimwonyesha. "Nilikuja kukuambia Ijumaa, mama. Ukasema hutaki kusikia mtu akishtaki."

Sikuwa na la kujitetea. Ni kweli nilichoka, na ni kweli watoto hushtakiana mchana kutwa kwa mambo ya upuuzi, nani kamkanyaga nani, nani kanywa chai ya nani. Lakini yeye hakuja kushtaki. Alikuja kuniarifu, nami nikamfungia mlango, na mdogo wake akabeba harage puani siku tatu zaidi kwa kuogopa mama atasemaje. Kama lingekuwa betri nisingekuwa nikiandika safu hii kwa kicheko. Nilimwomba radhi. Mimi nililelewa na mama mwema sana ambaye sikumbuki aliniomba radhi hata siku moja, na neno lenyewe lilinikwama kooni. Binti yangu aliona haya kuliko mimi. Akavuta shuka hadi kidevuni, akaniuliza, "Sasa nikitaka kukuambia kitu ukiwa umetoka zamu nifanyeje?" Tukakubaliana aseme, "Mama, si mashtaka." Akisema hivyo nitaamka. Tangu hapo amekwisha kulitumia mara mbili. Mara ya kwanza gesi ilikuwa imeachwa wazi. Mara ya pili alitaka pesa ya daftari, tukazungumza tena juu ya maana ya makubaliano.

Lile harage la puani tulilikuta mapajani mwa mwenyewe, ndani ya kipande cha shashi alichopewa na daktari. Nilitaka kulitupa. Baba watoto akasema shamba ni la mtu, akamtafutia kopo la pili na pamba. Halikuendelea, likaoza siku ya tatu, kama nilivyotarajia. Lakini kaka yake alimchagulia jingine kutoka kwenye ungo, naye sasa analo dirishani kopo lake, lina majani mawili, na anaruhusiwa kuligusa kila asubuhi akiwa amenawa.

Makande tuliyala Jumatatu. Yeye hakula. Aliokota mahindi yote, akapanga maharage pembeni mwa sahani moja moja, akasema hayo bado.