Kuposa si Kutongoza

Hivi majuzi mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinisimamisha Kibokoni, katika Mji wa Kale, akaniuliza Kiswahili cha kitenzi cha Kiingereza "woo". Alikuwa amekikuta katika kichwa cha habari kuhusu mwanasiasa na wapiga kura wa Pwani. Kamusi ilikuwa imempa maneno kadhaa, naye hakujua achague lipi. Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa swali lake lilikuwa la siasa kama lilivyokuwa la lugha.

Kitenzi hicho asili yake ni mwanamume kumwandama mwanamke ili apendwe naye. Baadaye kikatanuka kikaingia katika biashara na kampeni. Hakituambii iwapo mwenye kutafuta mapenzi hayo ni mkweli au mlaghai. Kiswahili hakiufumbii macho ukungu huo. Kina kubembeleza, kurai, kujipendekeza, kutongoza na kuposa, na kila neno limebeba hukumu yake.

Tuanze na kubembeleza. Anayebembelezwa aghalabu ni mtoto anayelia, ili anyamaze alale. Mwanasiasa anayegawa leso na fulana uwanjani Tononoka, kisha akaondoka bila ya kuulizwa swali, ametubembeleza. Kurai hakuko mbali na hapo: mgonjwa huraiwa anywe dawa asiyoitaka. Kujipendekeza nako kwatokana na kupenda, lakini lugha imekutia doa: ajipendekezaye hutafuta kupendwa bila ya kustahili.

Kutongoza ni kubaya zaidi. Mtongozaji hunong'ona, hataki mashahidi, wala hataki kukumbushwa kesho aliyoyasema leo. Noti inayotiwa mkononi usiku wa kuamkia uchaguzi ni utongozaji wa namna hiyo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yaiita hongo, na yamtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia.

Kuposa ni jambo jingine kabisa. Katika mitaa yetu posa hupelekwa na wazee, mchana, mlangoni. Wenye mtoto huuliza: huyu ni nani, ana kazi gani, mwenendo wake ukoje? Huomba muda wa kushauriana. Mahari hutajwa, na mahari ni haki ya mke, si hisani ya mume. Vivyo hivyo, zahanati iliyojengwa kwa kodi yetu si zawadi ya mbunge.

Nitoe mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2019 wakazi wa Mombasa waliandamana kupinga agizo la kupeleka makasha Nairobi kwa reli mpya, wakisema kwamba riziki za wenye malori, maghala na mawakala wa forodha zilikuwa zikihama. Katika kampeni za 2022, William Ruto aliahidi kuzirejesha shughuli za bandari. Alipoapishwa tarehe 13 Septemba mwaka huo, alitangaza kwamba angetoa maagizo siku hiyohiyo ili mizigo iondolewe tena Mombasa.

Simsifu wala simlaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba ahadi ile ilikuwa na mahali na kipimo, ilitolewa hadharani, na kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza: ajira ngapi zimerudi, na kwa nani? Ahadi ya "maendeleo" matupu haiulizwi hivyo, kwa maana haina pa kushikwa.

Upo udhaifu katika ulinganisho huu, nami naukiri. Mpiga kura si mwari wa kuozwa na wazee; yeye mwenyewe ndiye mwenye neno. Tena ndoa hii ni ya miaka mitano, na talaka yake i ndani ya sanduku la kura.

Kwa walimu wenzangu, basi, ombi langu ni dogo. Mwanafunzi akiwauliza neno hilo, msimpe kisawe kimoja cha kukariri. Mpeni hotuba ya mwanasiasa yeyote, wa serikali au wa upinzani, apige mstari chini ya kila ahadi, kisha aseme: hapa tumeposwa, au tumetongozwa? Yule kijana wa Kibokoni nilimpa zoezi hilo. Alirudi baada ya siku mbili na ukurasa mzima wa mistari, akaniambia kwamba posa aliyoiona ilikuwa moja tu.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Lakini mdai asiyejua alichoahidiwa atadai nini?