Form ni Tao: Wapi pa Kuskiza Ngoma, Wapi pa Kudishi, na Mbona Stej Zinaisha

Ijumaa jioni kila grupu ya WhatsApp Nairobi iko na swali moja tu: form ni gani? Majibu unayajua. Westi. Kilimani. Ama shoo fulani huko Kasarani, mahali kuingia ni doo na kutoka ni doo zaidi. Tao haitajwi. Kwa wasee wengi tao ni mahali pa kushuka mat moja na kupanda ingine.

Sasa skiza. Ukitafuta mtaa wa Nairobi ambao uko na chakula ya kila mfuko, mat za kila upande na majirani wachache sana wa kulala, ni tao. Kitu imebaki kidogo ni stej. Wacha nikuzungushe kwanza, alafu tubonge ni nani alizizima.

Anzia juu, karibu na Loita Street. Pale kona ya Utalii Lane kuna Alliance Française, ambayo iko Nairobi tangu 1949. Bustani yake ni kati ya mahali poa zaidi pa kuskiza bendi live hii jiji: uko karibu na stej, spika hazikuui maskio, na unaweza patana na msanii mchanga kabla bei yake ipande. Ukitembea dakika chache uko Maendeleo House, kwa Goethe-Institut, ambako kuna ukumbi wa filamu, mijadala na muziki. Cheki kurasa zao mwanzo wa mwezi, juu vitu zao hazipigiwi kelele mtaani.

Ukiwa na nguvu ya kutembea, vuka University Way uingie Harry Thuku Road. Ng'ambo ya Norfolk iko Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952. Wengi huijua kwa michezo ya kuigiza, lakini ngoma pia huchezwa hapo. KICC nayo hupokea zile shoo kubwa, zile za kujipanga mwezi mzima na kuvunja benki ya nguruwe.

Umeona kitu hapo? Kati ya hizo stej nne, mbili ni za taasisi za utamaduni za nje, ya Ufaransa na ya Ujerumani. Shukran kwao, kazi wanafanya. Lakini jiji ya mamilioni ya watu ikitegemea mgeni ndio kijana wake apate mahali pa kupiga gitaa na watu wakae waskize, kuna kitu haiko sawa.

Na tao haikuwa hivi. Waulize wazazi wako kuhusu Florida ya Koinange Street, ile klabu ya mviringo iliyokaa juu ya petroli stesheni kama chombo cha wageni kutoka angani. Ilibomolewa. Waulize kuhusu Simmers pale Kenyatta Avenue, mahali rhumba na benga zilikuwa zinapigwa live, kiingilio chake ni kununua soda na kukaa. Ilibomolewa pia. Ukishuka chini, River Road ndiyo ilikuwa kiwanda cha benga miaka ya 1970: studio, wauzaji wa santuri na wanamuziki wote mtaa mmoja. Leo ukitaka kushika ushahidi na mkono, ingia Melodica, Tom Mboya Street. Hilo duka limekuwa likiuza muziki tangu 1971, na bado utapata santuri za zamani hapo.

Kabla tuendelee na siasa, kudishi.

Kama uko juu na una kitu mfukoni, City Market ndio mpango. Samaki wa kukaangwa, ugali na mboga, unakula na mikono na hakuna mtu anakuangalia vibaya. Nenda mapema, hiyo ni soko si klabu. Ukitaka chakula ya kwao na huwezi fika ushago, K'Osewe bado ni jina kubwa kwa aliya, samaki na mboga za kienyeji.

Kama uko na soo mbili na njaa ya ukweli, vuka Moi Avenue ushuke. Chapo madondo, ugali matumbo, githeri imekaangwa upya, pilau ya sahani imejaa. Hoteli za chini hazina mambo mingi: unakaa na msee humjui, unapakuliwa, unalipa na M-Pesa, unaenda. Baada ya shoo ni time ya mutura na supu ya kikombe, ama smokie pasua na kachumbari kwa mkokoteni. Ushauri wa bure: nunua mutura mahali kuna foleni. Foleni inamaanisha nyama haikai.

Na kuna kitu fulani ningetaka ukiangalie vizuri. Maeneo ya River Road na Accra Road kuna hoteli ambazo hazifungi mlango usiku. Sababu ni mabasi. Kuna abiria wa kwenda mbali na wa kufika saa tisa usiku, kwa hivyo kuna mtu wa kupika chai, soja wa mlangoni, taa na boda. Yaani jiji inajua kabisa kukaa macho ikiwa na sababu. Msafiri alipewa usiku. Mwanamuziki hakupewa.

Sasa tuingie kwa sheria, polepole tu.

Desemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba kaunti haitatoa leseni za klabu za usiku ndani ya mitaa ya makazi. Ukiuliza mama mwenye mtoto mchanga pale Kilimani, alisema amina. Na ako sawa. Hakuna mtu anafaa kulala na besi ndani ya godoro. Lakini ukimwambia mtu atoke mahali, si umwonyeshe pa kwenda? Hiyo sehemu ya pili ndio bado tunangoja.

Jibu la haraka ni "waende tao". Shida ni kanuni za kelele za 2009. Hizo kanuni zinagawanya siku mara mbili. Usiku unaanza saa mbili na dakika moja. Mchana eneo la biashara linaruhusiwa desibeli 60. Ikifika usiku, kiwango ni desibeli 35. Eneo la makazi usiku? 35. Eneo lenye nyumba zimechanganyika na mahali pa burudani? 35. Desibeli 35 ni kama mtu anakunong'oneza. Hata mat ikipita nje na nyimbo zimezimwa inapita hiyo. Kwa hivyo kwa karatasi, barabara yenye benki na maduka yamefungwa inachukuliwa kama chumba cha kulala.

Kuna kibali cha muda mfupi cha kupita hicho kiwango, na shoo kubwa zenye wadhamini huwa na mtu wa kukimbizana nacho. Lakini bendi ya wasee wanne inayotaka kucheza kila Alhamisi kwa mkahawa wa viti arobaini? Hiyo haina wakili. Inabaki kuomba karao na kanjo wasipite hiyo njia, na tunajua maombi ya aina hiyo hujibiwa na nini.

Ndio maana shoo zinakimbia mbali. Cheki Blankets & Wine, iliyoanzishwa na Muthoni Drummer Queen 2008: inaanza mchana, na miaka ya karibuni imekuwa ikifanyika Kasarani. Ni sherehe safi. Lakini msee wa Rongai ama Kikuyu anavuka jiji nzima kufika, na usiku kurudi anaanza kuhesabu kama alikuja kwa ngoma ama kwa teksi. Tao ingekuwa mat moja tu.

Si ati tao haina shida. Tangu Juni 2024 kila mtu anajua siku ya maandamano barabara zinafungwa na teargas haichagui. Juni 25, 2025 maduka mengi yaliporwa. Usiku simu inaenda kabla useme hello. Lakini mtaa unakuwa hatari zaidi ukiwa mtupu. Barabara yenye watu wanatoka shoo, mama wa mutura na mat zinabeba ina macho mengi. Barabara ya shata zimefungwa ina macho ya mwizi peke yake.

Hii si kazi ya kungoja Rais. Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti udhibiti wa kelele, leseni za pombe na bustani za kaunti. Ofisi moja inaweza kuamua barabara fulani za tao, zisizo na makazi, ziruhusiwe muziki hadi saa fulani, ziwekwe taa na ziwe na kiwango cha kelele chenye akili. Bunge la kaunti liko na MCA wako ndani. Agosti 2027 watakuja kwako na lori, madijei na spika za kupita desibeli 35 mara mingi. Kabla uruke, waulize kijana atacheza wapi Alhamisi ya kawaida, wakati hakuna kura.

Kabla hiyo siku, plani yako ya wikendi ni hii. Kula City Market saa kumi na moja. Ingia shoo ya mapema, lipa tiketi, usiombe msanii akuingize bure. Simu ikae mfuko wa mbele ukivuka Tom Mboya. Tembeeni mkiwa mbogi, mchukue mutura, na uulize mapema stej ya mat yako ya usiku iko wapi, juu huwa zinahama. Alafu Jumatatu ambia mtu ulikuwa tao.