Usiku huu nani yuko zamu na simu?

Mwezi uliopita kijana wetu alikuwa anarudi likizo kutoka Dar. Basi likaharibika Kikatiti saa saba usiku. Alinipigia mara sita. Simu yangu niliiondoa sauti. Ya mama yake ilikuwa inachajiwa jikoni, imezimwa. Aliyepokea ni shangazi yake wa Tengeru, tena kwa sababu tu mtoto wake mchanga alikataa kulala. Asubuhi nilipokwenda kumchukua hakununa. Aliuliza tu, “Baba, hizi simu zenu ni za nini?”

Sikuwa na jibu, ila nilikumbuka habari za meli.

Kabla ya simu ya upepo, meli ikipata ajali mbali na nchi kavu ilikuwa peke yake. Mwaka 1909 meli ya Republic ilipogongwa karibu na Marekani, fundi wake wa simu, Jack Binns, aliita msaada na karibu abiria wote wakaokolewa. Watu wakaamini tatizo limekwisha. Kumbe bado.

Aprili 1912 Titanic iligonga barafu saa 5:40 usiku. Californian ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, lakini ilikuwa na fundi mmoja tu, na dakika chache kabla alikuwa amezima mtambo akalala. Amelaumiwa sana, ingawa kazi yake ya siku ilikuwa imekwisha. Wito ulisikika Carpathia, kama kilomita 90 hivi, kwa kuwa fundi wake Harold Cottam alikuwa anajiandaa kulala na bado hajavua vipokea sauti. Carpathia ilifika karibu na alfajiri, ikaokoa watu zaidi ya 700. Wengine zaidi ya 1,500 walikufa.

Hapo ndipo mataifa yalipokutana London, na mkataba wa Januari 1914 ukataka meli kubwa za abiria ziwe na msikilizaji saa 24. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa hapa Arusha, imekuwa na mradi wa mawasiliano na uokoaji Ziwa Victoria, ilikozama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996.

Nyumbani sasa, mtoto akiwa safarini, simu moja inalala na sauti juu, kando ya kitanda. Tunapokezana. Jana ilikuwa zamu yangu, na saa tisa usiku ikaita. Ilikuwa namba ngeni, mtu anamtafuta fundi bomba. Nilipokea.