Kibanda cha gemu na zamu tuliyowanyima watoto wetu (SEHEMU YA 6)

 

Wiki iliyopita niliandika kuhusu mtoto anayelishwa huku anaangalia simu. Meseji zilikuwa nyingi, na karibu nusu zilisema kitu kimoja: "Dada nesi, kwani sisi hatukukua na TV na magemu? Mbona wazima?"

Swali zuri, silikwepi. Mimi mwenyewe nimekua nayo, hapa hapa Segerea. Ila hebu tukumbuke vizuri tulikuwa tunachezaje.

Kibanda chetu kilikuwa njia ya kwenda Segerea Mwisho. Mabati juu, mabati pembeni, kanga mlangoni ili mwanga usiingie. Ndani TV mbili za chogo, kila moja na PlayStation yake, benchi la mbao, na joto la kuivisha maembe. Shilingi mia mechi moja. Mwenye kibanda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mkononi. Jumamosi aliendesha ligi: unaandikisha jina, anayefungwa anatoka, anayebaki mwisho anacheza bure Jumapili. Na mtangazaji ni yeye mwenyewe. Mtoto wa darasa la nne akifunga goli, kaka yule anapaza sauti kama yuko Uwanja wa Taifa, na sisi tulio nje tunajua kila kitu bila kuona.

Sisi tulio nje, maana wasichana hatukutakiwa ndani. Tulichungulia kwenye matundu ya misumari.

Siku moja kaka yangu alikuwa ameshalipia, mama akamwita amtume dukani. Kiti kikabaki wazi. Nikaingia nikakaa. Ilikuwa Tekken 3. Nikamchagua Eddy Gordo, kwa sababu kila asiyejua kucheza alimchagua Eddy: unabonyeza vitufe vya mateke hovyo hovyo, yeye anazunguka kama pia, adui anaanguka. Nikawapiga wawili. Kibanda kizima kikasimama. Wa tatu akanipiga mimi, nikatoka na miguu inatetemeka. Jioni nikachapwa nyumbani, kuna mtu alikwenda kusema. Mpaka leo sijamjua, na bado namtafuta.

Nimekumbuka haya juzi. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, YouTube ikaniletea kipande cha kipindi cha zamani cha Uingereza kinaitwa GamesMaster. Kilianza kwenye Channel 4 Januari 1992, kikaenda mpaka 1998. Mtangazaji Dominik Diamond, na juu yake kuna mzee mmoja, Patrick Moore, mtaalamu wa nyota aliyeheshimika sana kule. Humo anatokea kichwa tu kwenye skrini, kama jini mpole, anatoa mtihani. Mtoto anaambiwa afanye jambo fulani kwenye gemu ndani ya muda fulani, watu wamemzunguka wanapiga kelele. Akiweza anapewa Golden Joystick, kile kifimbo cha kuchezea gemu, cha rangi ya dhahabu. Asipoweza anapigiwa makofi, anakwenda zake. Marekani walishafanya cha kwao tangu 1982, Starcade.

Nilicheka peke yangu. Kibanda chetu kile! Tofauti wao msimu wa kwanza walipamba kanisa la zamani, sisi tulikuwa na mabati. (Mwaka huo 1992 sisi wa Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini, sisi tukasubiri mpaka 1994.)

Sasa angalia. Kule Uingereza na hapa Segerea, gemu ilikuwa na zamu. Ilikuwa na watu wanaokuona ukishindwa. Ilikuwa na mwisho. Mia yako ikiisha umeisha, unakaa benchi unasubiri, na kule kusubiri ndiko tulikocheka, tukagombana, tukapatana. Kwa dakika kumi za kucheza, saa nzima ulikuwa unaongea na watu.

Simu ya leo haina benchi. Video ikiisha inaleta nyingine yenyewe. Gemu haimfungi mtoto ikamtoa, inampa maisha mengine ili asiondoke. Hakuna wa pembeni anayesema "haya, toka, zamu yangu." Kwa hiyo mama ukiniambia "na sisi tulicheza," nakujibu ndiyo, lakini wanachopewa hawa siyo tulichocheza sisi.

Wala sisemi kibanda kilikuwa peponi. Kulikuwa na watoro wa shule, kulikuwa na hela za kununulia sukari zilizoishia pale, kulikuwa na kubet kwa chinichini, na sigara. Na sisi wasichana tuliachwa nje, hilo sijalisamehe. Nakitetea kitu kimoja tu cha pale, ile daftari.

Kitaalamu, kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto ambaye hajafika miaka 2, kukalishwa mbele ya skrini hakushauriwi. Miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Shirika hilo hilo limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini msianze kuwapachika watoto ugonjwa jamani! Kupenda gemu siyo kuumwa. Kinachoangaliwa ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kupita shule, chakula na usingizi, na kuendelea hata akiona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12.

Na siwasemi kutoka juu. Mtoto wangu wa pili alipokuwa na mwaka na nusu, nikitoka zamu ya usiku dada hayupo, nilikuwa nampa simu ili nilale hata saa moja. Ikawa kila siku. Asubuhi moja simu ikazima chaji na umeme hakuna. Yule mtoto alilia mpaka akatapika. Nilimbeba, nikamwimbia, nikampa ziwa, hakuna. Alikuwa anaitaka simu, hanitaki mimi. Nilikaa sakafuni na sare ya kazini bado mwilini, nikalia na mimi. Kesho yake niliongea na jirani, tukakubaliana: nikitoka usiku yeye anakaa naye mpaka saa tano, na mimi jioni nawachukua wa kwake. Haikuwa rahisi. Siku nne za mwanzo zilikuwa vita. Ya tano alilia kidogo, kisha akakaa chini na vifuniko vya sufuria.

Kuna watu hapa hapa kwetu walilielewa hili mapema. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar na kuanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, iliwapa watoto maswali, na jibu waliweza kulituma kwa SMS hata kwa simu ya kitochi. Unaona akili hiyo? Watoto wako mbele ya TV wanabishana jibu, simu inatoka kwa mama, jibu linatumwa, simu inarudi kwa mama. Simu ilikuwa na kazi, kazi ikaisha. Ningependa siku moja nione na mashindano ya gemu ya watoto kwenye TV zetu, ya Kiswahili, Jumamosi asubuhi, na wasichana wakiwa wa kwanza kuitwa.

Kwa sasa nafanya la kwangu. Baba yao alinunua PlayStation ya mtumba Kariakoo, tumeiunganisha na TV ya sebuleni. Inawashwa Jumamosi saa kumi jioni, ikifika kumi na mbili inarudi kabatini. Watoto wa majirani wanakuja. Gemu ya mpira, mechi dakika kumi, anayefungwa anatoka. Daftari analishika huyo huyo wangu wa pili. Sasa ana miaka 4, hajui kusoma, lakini ole wako uruke jina.

Jumamosi iliyopita dada yake aliwafunga wote, na mimi nikiwemo, nne moja. Mtoto wa jirani, kidume cha miaka kumi, akasusa, akataka marudio hapo hapo. Mdogo wangu wa daftari akamwangalia, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, akamwonyesha benchi.