Sombe, maharagi na moyo: mimea inasaidia, lakini tuangalie mawese na chumvi

Hapa kwetu nyama ni heshima. Mgeni akifika, kuku anachinjwa. Mutu akipata kazi nzuri, jirani wanamuona jioni kwenye michopo. Sombe na maharagi, hizo tunaziita chakula ya kukosa. Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, na banki zikafunga, familia nyingi za miji hii zimerudia hiyo chakula ya kukosa bila kupenda. Kwa upande wa moyo na mishipa ya damu, zimepoteza ao zimepata?

Tuanze na kolesteroli yenyewe, maana inatajwa sana na inaeleweka kidogo. Ni aina ya mafuta ambayo mwili unahitaji, na sehemu kubwa yake inatengenezwa na ini letu wenyewe. Shida inaanza pale ile wanganga wanaita LDL inakuwa nyingi katika damu. Inajibandika polepole ndani ya mishipa, miaka na miaka, bila maumivu yoyote, mpaka njia inakuwa nyembamba. Siku damu inaganda pale, kama ni kwenye moyo mutu anaanguka. Kama ni kwenye kichwa, upande mmoja wa mwili unakufa. Kwenye matanga utasikia watu wakisema amerogwa.

Mimea haina kolesteroli. Maharagi, karanga, ndizi, viazi, avoka, hakuna hata kidogo. Inatoka kwenye nyama, maziwa, mayai na samaki. Lakini kitu kinachopandisha LDL zaidi siyo kolesteroli tunayokula. Ni mafuta ya kuganda: yale ya nyama nono, ya siagi, ya fromaji ya Masisi, na pia ya mimea fulani. Yanazuia ini kuondoa LDL katika damu. Ndiyo maana kopo la mafuta likiandikwa kwamba halina kolesteroli, halidanganyi, lakini halijakuambia neno la maana.

Jirani zetu wa Uganda walionekana katika jambo hili zamani. Mwaka 1959 wachunguzi wawili wa Kampala, Shaper na Jones, walitoa katika gazeti la Lancet vipimo vya damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waafrika, waliokula ndizi, viazi vitamu, mihogo na maharagi, pamoja na mafuta kidogo, walikuwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupatikani kwao. Waasia, waliokula mafuta mengi zaidi, walikuwa nayo juu, na ugonjwa uliwafikia. Mji mmoja, hewa moja, sahani mbili.

Uchunguzi wa leo unakubaliana. Mwaka 2023 wachunguzi wa Denmark walikusanya majaribio 30, yenye watu karibu 2 400: wale walioacha nyama walishusha LDL kwa karibu 10% kuliko wale walioendelea kuila. Siyo muujiza, lakini siyo kitu cha kudharau. Jaribio la Toronto, Canada, la mwaka 2003 lilienda mbali zaidi. Watu waliokuwa na kolesteroli ya juu walikula mwezi mmoja vyakula vya mimea vilivyochaguliwa vizuri, na LDL yao ilishuka kwa karibu 29%, wakati kundi lililopewa kidonge lilishusha 31%. Ndani ya vyakula hivyo kulikuwa soja, na mboga mbili ambazo hakuna mama wa soko asiyezijua: dongodongo na biringanya.

Ule utelezi wa dongodongo, ambao watoto wengine wanaukataa, njo wenye kazi. Unakamata nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini linalazimika kutengeneza nyongo mpya, na kwa kazi hiyo linachota kolesteroli katika damu. Maharagi nayo yanasaidia: majaribio 26 yaliyokusanywa mwaka 2014 yalionyesha kwamba gramu 130 za maharagi ao jamaa zake, zilizopikwa, kila siku, zinashusha LDL kwa karibu 5%. Gramu 130 ni sahani ndogo tu. Wengi wetu tunaipita.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana hapo hesabu inaharibika.

Nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta ya kuganda. Kwa karanga na soja haifiki moja ya tano, na kwa alizeti ni karibu moja ya kumi tu. Hauhitaji labo ili kuona: asubuhi ya baridi Goma ao Butembo, chupa ya mawese imekuwa nzito, ile ya alizeti inabaki maji. Mutu anaweza kukaa mwezi bila kugusa nyama, kama sombe yake inaogelea katika mawese, kolesteroli haitamshukuru. Lakini mwenye kutuambia tuache mawese kabisa hajawahi kupika sombe. Tena mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, na macho ya watoto wetu yanaihitaji. Kuyachoma mpaka yawe meupe ni kutupa ile faida na kubaki na mafuta tu. Afadhali kupima kwa kijiko kuliko kumimina kwa chupa, na karanga za kusaga ziongeze utamu.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mutu mukubwa asizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Weka makayabu, ongeza Maggi mbili, kiisha chumvi ya mkono: tumeshapita. Chumvi haigusi kolesteroli, inapandisha tansio, na hizo mbili zikikutana mishipa inaumia haraka.

Kwa watoto, hadisi inabadilika. Hugh Trowell, munganga wa hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika pamoja na wenzake kitabu juu ya kwashiorkor mwaka 1954; miaka ya 1970 njo mwenyewe alikuwa anatetea vyakula vya mimea vyenye nyuzinyuzi. Hakujipinga. Mtoto mdogo anayekula bugali na majani peke yake hajengi mwili, na vitamini B12 haipatikani kwenye sombe wala maharagi. Ndakala ao sambaza kidogo, yai likipatikana, ni za mtoto na za mama mwenye mimba kwanza, mbele ya baba.

Na kwa yule ambaye tayari anameza vidonge vya tansio: dongodongo haichukui nafasi yao. Kama dawa inakosekana sababu ya barabara, arudie kituo cha afya aulize ni ipi nyingine inaweza kuishika nafasi, kabla ya kununua unga wa kusafisha mishipa unaouzwa ndani ya basi. Kupima tansio kunachukua dakika chache, hata pale ambapo kipimo cha kolesteroli hakipatikani.